Beringi na usukani wa Volkswagen ya 1968: huduma niliyopata Gerezani

Gari langu ni Volkswagen mgongo wa chura ya mwaka 1968, breki za dramu mbele na nyuma. Likifika spidi 70 usukani ulikuwa unatetemeka, na kwenye lami nzuri ukasikika mvumo kutoka mbele, unaobadilika nikilielemeza gari upande mmoja. Gereji ya kwanza wakasema stelingi boksi, kisanduku cha gia za usukani, imekwisha. Wakalegeza nati, wakakaza skrubu ya juu kwa bisibisi, wakachukua hela yao. Mtetemeko ukabaki palepale, na sasa usukani ukawa mgumu: nikikata kona haurudi wenyewe, mpaka niuvute. Kwangu usukani usiorudi unatisha kuliko unaocheza kidogo.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima pale Gerezani, Dar es Salaam, ambaye kazi yake ni magari ya zamani. Boksi hakuligusa kwanza. Alipiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalisukuma na kulivuta. Likacheza, ko-ko.

"Mwanangu, ingia ukanyage breki uishikilie."

Nikakanyaga. Akatikisa tena, kimya.

"Umeona? Hiyo beringi. Ingekuwa boljointi, kile kiungo kinachobeba gurudumu, lingecheza hata ukikanyaga."

Kipimo hicho hakina gharama, na ningemshauri yeyote adai afanyiwe kabla ya kutumwa dukani kununua spea.

Kufungua kwenyewe kuna mitego. Nati ya gurudumu la kushoto ina uzi wa kinyume, unaifungua kwa kuizungusha kulia. Kijana wake alishaanza kuilalia spana upande tuliouzoea wote, mzee akamshika mkono. Tena gurudumu moja la mbele ndilo linaloendesha spidometa: waya wake unapita ndani ya ekseli na kutokeza kwenye tundu la mraba katikati ya kofia ya vumbi, ukashikiliwa na kipini kidogo. Kipini kikipotea, mshale wa spidi unalala sifuri na watu wanaanza kupekua dashibodi.

Ndani grisi ilikuwa nyeusi, imekauka. Kila gurudumu lina beringi mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Alizisafisha kwa mafuta ya taa, akazifuta, akanionyesha kikombe cha beringi ya ndani, ile bangili ya chuma ambamo rola zinazunguka: vidoadoa vimetoboka kwenye njia ya rola, na ukingo mmoja umegeuka bluu kwa joto. Za nje zilionekana nzima ila akakataa kuzirudisha. Nilinunua seti kamili pamoja na vikombe na sili mpya, maana rola mpya kwenye kikombe kilichochimbika ni hela ya kutupa. Dukani chukua tahadhari, feki zipo hata ndani ya boksi lenye jina kubwa.

Kilichonivutia zaidi ni namna alivyokaza. Hizi ni rola zilizolala mshazari, kwa hiyo zikibanwa sana zinaungua, zikilegea sana gurudumu linayumba. Kitabu cha kiwanda kinataka nafasi ya milimita 0.03 hadi 0.12. Alikaza nati huku analizungusha dramu ili rola zikae, kisha akairudisha kidogokidogo, kila mara akiisukuma washa iliyo nyuma ya nati kwa ncha ya bisibisi. Iliposogea kwa kusukumwa kidogo tu, bila kuilazimisha, akasimama na kubana skrubu ya alenki inayoifunga nati isizunguke. Baadaye akahakiki kwa saa ya kupimia nafasi ndogo kama hizo, ikasoma ndani ya kipimo. Grisi aliisukumiza kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili wa rola, lakini kofia hakuijaza. Ikizidi, alisema, inapasha joto, inapita kwenye sili na kuishia kwenye viatu vya breki.

Ndipo akarudi kwenye boksi. Alilegeza skrubu iliyokazwa na ile gereji ya kwanza, akalirekebisha magurudumu yakiwa yananing'inia, akazungusha usukani toka mwisho mpaka mwisho kuhakikisha hausiti popote. Tairodi, fito zinazounganisha boksi na magurudumu, zilikuwa nzima. Raba inayounganisha nguzo ya usukani na boksi ilikuwa na nyufa, akabadilisha, na kumbe waya mdogo unaovuka hapo ulikuwa umekatika. Ndio maana honi haikuwa inalia! Nilishabadilisha honi yenyewe bure. Mwisho akapiga grisi nipeli nne, vichuchu vya kuingizia grisi, za ekseli ya mbele, magurudumu bado yako hewani ili ipenye vizuri.

Mtetemeko umeisha, mvumo umeisha, usukani unarudi wenyewe. Kuna watu watakuambia gari la aina hii lilishinda Safari Rally ya 1962, halihitaji kubembelezwa. Lilishinda likiwa na mafundi nyuma yake.

Kasoro zipo. Aliniahidi siku moja, gari likalala kwake. Mashine ya alaimenti, ya kunyoosha magurudumu, hana, ikabidi nipeleke kwingine na kulipa upya. Ufundi wake ni shilingi 120,000 bila spea, kwangu ni halali kabisa. Stakabadhi hatoi, lakini beringi za zamani nilikabidhiwa zote kwenye mfuko, na aliniambia nirudi baada ya kilomita mia tano akague nati bila malipo. Nyota nne kati ya tano.