Aass Bock ya Drammen: nyeusi, kali, lakini si chungu

Niwatoe hofu mapema, maana najua watu wa nyumbani tunavyoitazama bia nyeusi: hii si Guinness wala haitaki kufanana nayo. Wengi wetu tukiona glasi nyeusi mezani tunakunja uso kabla hatujaonja, tunasubiri uchungu. Kwa Aass Bock utausubiri sana.

Naishi Drammen, mji wa Norwei ulio kilomita kama 40 kutoka Oslo, na kiwanda cha Aass kipo hapa hapa mjini, ukingoni mwa mto. Kilianza mwaka 1834 na ndicho kiwanda cha bia kikongwe kuliko vyote nchini ambacho bado kinafanya kazi. Bia zao za kawaida, zile za rangi ya dhahabu, zimejaa kila duka. Bock huikuti huko. Ina kilevi asilimia 6.5, na sheria ya hapa hairuhusu duka la vyakula kuuza bia inayozidi asilimia 4.7. Ukitaka kali zaidi ya hapo unakwenda Vinmonopolet, maduka ya serikali yaliyoanzishwa mwaka 1922. Jumamosi wanafunga mapema, Jumapili hawafungui kabisa, na kwa kuwa matangazo ya pombe yamepigwa marufuku Norwei tangu 1975, usitegemee bango la kukukumbusha. Wewe mwenyewe ujipange. Nikiri wahudumu wao wanajua kazi: ukisema unatafuta kitu kizito cha kunywa na nyama, hawakusukumii cha bei kubwa, wanakuuliza nyama gani.

Tuje kwenye aina yenyewe, kwa sababu mimi naiweka karibu na doppelbock, na wapo watakaoniambia hii si doppelbock. Bock asili yake ni Ujerumani, mji wa Einbeck. Doppelbock ni ndugu yake mzito zaidi, aliyetoka kwa watawa wa Paulaner kule Munich. Inasimuliwa kuwa waliipika nzito ili iwashibishe wakati wa Kwaresima wasipokula. Wajerumani wanaitenganisha kwa kupima kiasi cha sukari ya kimea kabla hamira haijaanza kuila: bock ianzie asilimia 16, doppelbock 18. Kwa hesabu hiyo Aass wameandika Bock tu kwenye lebo na hawajajikweza. Ila angalia kilevi. Salvator ya Paulaner, mama wa doppelbock zote, ina 7.9. Celebrator ya Ayinger, ambayo hakuna anayebisha kuwa ni doppelbock, ina 6.7. Mnorwei wetu yuko 6.5. Ukinipa glasi hizi bila kuniambia ipi ni ipi, hii nitaiweka upande wa Celebrator bila kusita, kwa jinsi inavyokaa mdomoni.

Nimeinunua mara nyingi, na nimejifunza kwamba jambo linaloamua kama utaipenda au la ni ubaridi. Baa za kwetu mhudumu anakuuliza: ya baridi au ya moto? Kwa bia hii hakuna jibu sahihi kati ya hayo mawili. Baa moja ya huku, siitaji jina, waliniletea kwenye glasi iliyotoka friza, kioo kimeganda ukungu mweupe. Nililipa bei ya mjini nikanywa maji meusi. Mpaka imefika nusu ndipo harufu ikaanza kutoka, na hapo nimebakiwa na vidole viwili. Nyumbani naitoa kwenye friji naiacha mezani kama nusu saa, ifike nyuzi 10 hivi. Isiwe ya moto kabisa, maana hapo kilevi kinatangulia na utamu unakinai.

Ukiimimina unaona nyeusi. Iinue kwenye taa: pembeni inageuka rangi ya damu ya mzee, safi, unaona mwanga unapita. Povu lake ni la kahawia hafifu, linapanda vidole viwili halafu linashuka haraka likabaki pete ukingoni. Wanaopenda povu la kudumu hawatafurahi. Mimi povu halinisumbui.

Harufu ndiyo inayonirudisha dukani. Kwanza ganda la mkate uliotoka tanuri sasa hivi, lile la juu lenye rangi. Chini yake zabibu kavu. Halafu, ukiipa muda, inakuja harufu ile ya sufuria ya haluwa pale sukari inapoanza kubadilika rangi kabla haijaungua. Hakuna kahawa humo, hakuna moshi, hakuna mkaa.

Na hapa ndipo inapoachana na Guinness. Weusi wa Guinness unatokana na shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, ndiyo maana unapata ukavu na uchungu wa kahawa. Bia za aina ya bock zinapata rangi yake kwa kimea: shayiri inaloweshwa, inaachwa iote, halafu inakaushwa kwa joto kubwa kidogo kuliko la kimea cha bia ya dhahabu. Kinachoongezeka hapo ni ladha ya mkate, uchungu hauongezeki. Na hamira yake ni ya ukoo ule ule wa lager, inayofanya kazi kwenye baridi, polepole, kisha bia inalazwa muda mrefu kwenye matangi itulie. Kwa hiyo, mdau wa Tusker au Kilimanjaro, ambazo nazo ni lager, huyu mweusi ni ndugu yako wa karibu kuliko Guinness.

Mdomoni ni nzito lakini laini, gesi ni kidogo. Utamu unaingia kwanza, kisha mkate, kisha kitu cha karanga zilizokaangwa. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zinakaa nyuma kabisa, zinajitokeza mwishoni tu kukata utamu usizidi. Kilevi hakichomi koo. Kinapanda kifuani taratibu, unakuja kukigundua ukisimama. Hili nalisema kwa nia njema hasa kwa waliozoea Tusker ya 4.2: hesabu zenu za chupa hazifanyi kazi hapa. Na kama una gari, liache nyumbani. Norwei kikomo cha kilevi kwenye damu ya dereva ni 0.2 kwa elfu, na chupa moja ya hii inatosha kukupeleka pabaya.

Ninachoilaumu ni mwisho wake. Utamu unachelewa kuondoka, unabaki kwenye meno, na glasi ya pili huwa siitamani kama nilivyoitamani ya kwanza. Celebrator inakauka vizuri zaidi ukishameza, ndiyo inayokufanya urudie. Hapo Wajerumani wanashinda. Lakini kwa harufu, mimi nabaki na Drammen, na si kwa sababu ya ujirani.

Bei? Ushuru wa pombe Norwei hauna huruma. Kwa chupa moja ya hii, nyumbani ungenunua nne na ukabakiwa na chenji ya mishkaki. Kopo au chupa tupu unairudisha kwenye mashine ya dukani unapewa krona chache, na huo ndio unafuu pekee utakaoupata. Ninaponunua najiambia kwamba moja inanitosha jioni nzima, na kweli inanitosha. Kwa wanaohesabu bia kwa kreti, hii si yenu.

Alama zangu ni 4 kati ya 5. Harufu peke yake ningeipa 5, mwisho wake 3. Kiangazi iteremshe hadi 3 moja kwa moja, kwa sababu jua la saa nne usiku halitaki kinywaji cha kukuzamisha kwenye kiti. Ni bia ya Desemba, mwezi ambao jua la hapa linazama saa tisa na kitu alasiri na mtu unajikuta unatafuta sababu ya kutotoka nje.

Chakula sasa, maana bila chakula inalemea. Wenyeji wanaiweka na fenalår, mguu wa kondoo uliotiwa chumvi ukakaushwa, unaokatwa vipande vyembamba hadi unaona kisu upande wa pili. Chumvi ya ile nyama na utamu wa bia vinashikana vizuri sana. Brunost, jibini la kahawia la hapa, nalo linapatana nayo kwa sababu limepikwa hadi sukari ya maziwa ikabadilika rangi, ila vyote viwili ni vitamu, vipande viwili vinatosha.

Mimi chaguo langu ni mbuzi. Bucha za wahamiaji zinauza mbuzi mzuri, na mbavu zikichomwa hadi nje zimekuwa za kahawia, ule ukoko unaongea lugha moja na kimea. Chumvi na ndimu, basi. Pilipili iacheni pembeni siku hiyo: kilevi cha 6.5 kinaichochea, mdomo unawaka, na utamu wote wa bia unapotea. Niliwahi kumwekea jamaa yangu kutoka Goma, mtu wa Turbo King, ile bia nyeusi ya Kongo, mbavu hizo na glasi ya bock, akauliza kwanza ilipo pilipili. Nikamnyima hadi amalize glasi. Alilalamika, akaimaliza, akaniuliza Vinmonopolet inafungwa saa ngapi.