Woolworth Building na kampasi ya Pace: mnara mzuri, mlango mgumu

Jengo la Woolworth, Broadway namba 233, New York, linastahili safari, ila si kwa namna wageni wengi wanavyoipanga. Wanafika mchana, wanasukuma mlango, mlinzi anawarudisha, wanapiga picha moja wakiwa chini yake kabisa, wanaondoka. Kwa ukaribu ule utaona ukuta tu. Mnara huu husomwa kwa mbali kidogo, na mahali pazuri pa kuusomea ni ng'ambo ya bustani ya City Hall, makao ya serikali ya jiji, yalipo majengo ya Chuo Kikuu cha Pace. Ndiyo maana tunautathmini mnara na chuo kwa pamoja. Kati yao ni mwendo wa dakika tano kwa miguu, na kila kimoja hueleweka vizuri zaidi ukiwa umekiona kingine.

Anza upande wa chuo, na uanze asubuhi. Treni za 4, 5 na 6 zinasimama Brooklyn Bridge–City Hall, karibu na chuo. Za R na W zinasimama City Hall, mbele ya mnara. Za 2 na 3 zinasimama Park Place, ubavuni mwake. Uso wa mnara unatazama mashariki. Jua la asubuhi linaupiga moja kwa moja, na kila mfereji na kila nakshi inatoa kivuli chake. Baada ya adhuhuri jua linahamia nyuma, uso unabaki kivulini, na mapambo ambayo ndiyo sababu ya kuja yanafifia. Majira nayo yana neno: miti ya bustani ikiwa na majani huzificha ghorofa za chini, na wakati wa baridi matawi yakiwa matupu unaona kuanzia mlangoni hadi kileleni. Simama kwenye njia ya miguu ya Park Row, karibu na sanamu ya Benjamin Franklin. Hapo urefu wote wa mita 241 unaingia kwenye kamera ya simu bila kupinda shingo.

Sasa angalia. Sehemu ya chini ni bonge la ghorofa kama 30, na katikati ya uso wake mnara wenyewe unapanda moja kwa moja. Mbunifu wake, Cass Gilbert, alichukua umbo la makanisa ya Kigothi, mtindo wa zama za kati za Ulaya, lakini hakulitumia kama pambo la kubandika. Mistari ya wima inapita mbele ya madirisha na kulipeleka jicho juu kwa mkupuo, mahali ambapo jengo jingine la ofisi lingeonekana kama makabati yaliyopangwa. Vigae vya terakota, udongo wa kuchomwa, vina rangi ya malai, na kwenye vina vyake kuna bluu, kijani na manjano ambazo ukiwa chini yake huzioni. Paa la shaba limeshageuka kijani. Jengo lilipofunguliwa tarehe 24 Aprili 1913, rais Woodrow Wilson alibonyeza kitufe akiwa Washington na taa zote zikawaka kwa pamoja. Kuanzia hapo mpaka 1930 hapakuwa na jengo refu kuliko hili duniani.

Mwenye nalo, Frank Woolworth, alijitajirisha kwa maduka ya bidhaa za senti 5 na senti 10, na gharama ya ujenzi, dola milioni 13.5, inatajwa kuwa aliilipa taslimu. Alitaka kuupita mnara wa kampuni ya bima ya Metropolitan Life, uliokamilika 1909 ukiwa na mita 213, na akaupita.

Penye funzo kubwa kwa yeyote anayeshughulika na majengo ni ngozi ya mnara, yaani kuta zake za nje. Ghorofa za chini zimevikwa mawe ya chokaa, na zinazofuata zote terakota, yaani udongo uliofinyangwa, ukachomwa na kupakwa glezi, utando unaong'aa kama kioo. Ni nyepesi kuliko jiwe, haiungui, na nakshi moja ikishapata kalibu inaweza kurudiwa mara mia. Ubovu wake hauonekani mapema. Kila kigae kimeshikwa kwenye fremu ya chuma kwa vishikizo vya chuma. Maji yakipenya kwenye viungo, vishikizo hupata kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, basi huvimba na kukipasua kigae kwa ndani. Tena fremu ya jengo refu hujongea kwa joto, kwa upepo na kwa uzito wake yenyewe, na wajenzi wa zama zile hawakuacha nafasi za kutosha kwenye ukuta ili kuupokea mwendo huo. Matokeo yake uzito ambao haukukusudiwa unakikalia kigae. Ukarabati mkubwa ulifanyika kuanzia 1977 hadi 1981, vigae takribani 26,000 vikaondolewa, na mahali pake pakawekwa vipande vya zege vilivyotengenezwa kwa sura ileile. Uamuzi huo uliuokoa uso wa jengo, lakini una gharama: zege halizeeki kama terakota iliyopakwa glezi, na mwenye jicho kali akiwa na darubini atavitofautisha.

Msingi hauonekani, ila ndio unaoufanya mnara usimame. Mwamba wa Manhattan mahali hapa uko chini sana, na juu yake kuna mchanga na maji. Wajenzi walizamisha kesoni 69, ambazo ni mabomba makubwa yasiyo na kitako, yenye hewa ya kushindiliwa ndani ili maji yasiingie wakati watu wanachimba. Kesoni zilishuka zaidi ya mita 30 hadi mwambani, kisha zikajazwa zege. Juu ya hapo mhandisi Gunvald Aus aliifunga fremu ya chuma kwa matao ya kukaza dhidi ya upepo, sawa na yale ya madaraja. Septemba 2001, minara ya World Trade Center ilipoanguka karibu kabisa na hapa, jengo hili lilikaa wiki kadhaa bila umeme wala simu, lakini halikupata madhara makubwa.

Ukumbi wa kuingilia ni kati ya kumbi nzuri kabisa za jengo la ofisi popote pale, na hilo tunalisema bila kusita. Umekatwa umbo la msalaba, kuta zake ni marumaru, na dari imefunikwa mozaiki za dhahabu kwa mtindo wa Kibizanti. Chini ya dari kuna vinyago vidogo vya watu walioliwezesha jengo: Woolworth anahesabu sarafu zake, Gilbert amekumbatia mfano wa mnara, Aus anapima boriti. Kero ni kwamba ukumbi huu, ambao sheria ya jiji inaulinda tangu 1983 pamoja na uso wa nje, si wa kila mpita njia. Mlangoni wanapokelewa wenye shughuli humo na walioweka nafasi kwenye ziara ya kuongozwa. Ukitaka kuingia, panga mapema. Kumbembeleza mlinzi hakusaidii. Sehemu ya kutazamia jiji kutoka kileleni nayo ilifungwa katika miaka ya vita, 1941, na ghorofa za juu sasa ni makazi ya watu. Ghorofa 30 za juu ziliuzwa 2012 kwa dola milioni 68 ili zigeuzwe kuwa nyumba za fahari, na bwawa la kuogelea la zamani lililo chini ya jengo lilifufuliwa kwa ajili ya wakazi. Kwa aliyekuja kuona jiji kutoka juu, mnara huu hauna cha kumpa.

Kwa anayetafuta ofisi ya kupanga, habari ni tofauti. Ghorofa za chini zimebaki za ofisi, na Chuo Kikuu cha New York kina madarasa humo. Bonge la chini limejengwa kwa umbo la U, uwazi ukiwa nyuma, kwa sababu 1913 mwanga wa kufanyia kazi ulitoka dirishani na hewa vilevile. Kwa hiyo vyumba havina kina kirefu, na karibu kila meza inaweza kupata mwanga wa mchana. Hili linaifaa ofisi ya mawakili au wahasibu yenye vyumba vingi vidogo. Kampuni inayotaka watu 200 kwenye sakafu moja iliyo wazi itasumbuka: nguzo ziko nyingi, ukumbi wa lifti uko katikati, na mabawa mawili ya U yanawatenganisha watu. Jambo jingine ni vibali. Kubadili dirisha, kutundika kibao nje au kupitisha bomba la kiyoyozi ukutani kunahitaji idhini ya tume ya jiji ya kulinda majengo ya kihistoria, na ratiba ya ukarabati ambayo haikuitengea idhini hiyo muda itachelewa. Muulize wakala kabla ya kusaini ni kazi zipi zimekwisha kupata idhini.

Turudi ng'ambo ya bustani. Usitegemee kampasi yenye geti na uwanja wa nyasi. Pace ni majengo yaliyotawanyika kwenye mitaa, na bustani ya City Hall ndiyo uwanja wake. Jengo kuu, One Pace Plaza, ni bonge la zege la mwishoni mwa miaka ya 1960, limebanwa na njia za magari zinazopanda daraja la Brooklyn. Halina mvuto, na upande wa darajani kuna kelele. Mlangoni utaulizwa kitambulisho cha chuo. Hata hivyo, mahali lilipo pana historia: hapo palisimama jengo la gazeti la Tribune, ambamo ndugu wawili, Homer na Charles Pace, walianza kufundisha uhasibu mwaka 1906.

Lulu ya chuo ni 41 Park Row, na watu wanaipita bila kuinua macho. Lilijengwa 1889 kwa ajili ya gazeti la New York Times na mbunifu George B. Post, kwa mbinu ya kuthubutu: jengo jipya lilizungushwa juu ya lile la zamani, sehemu ya sakafu za zamani ikiachwa mahali pake, ili mitambo ya kuchapia iendelee kufanya kazi chini wakati mafundi wako juu. Lilianza na ghorofa 13, zikaongezwa hadi 16 kati ya 1903 na 1905, na Pace ikalinunua 1951. Lilinganishe na mnara wa jirani: matao mazito ya mawe, madirisha yaliyozama ndani, kila ghorofa ikionyesha kwamba imeibeba iliyo juu yake. Miaka 24 tu inayatenganisha majengo haya mawili, na ndani ya miaka hiyo jiwe liliacha kubeba mzigo, chuma kikaupokea.

Ukimaliza, usipande treni kurudi kaskazini mara moja. Ingia treni ya 6 inayoelekea kusini na ubaki ndani inapofika mwisho wake, Brooklyn Bridge–City Hall, abiria wanaruhusiwa. Inageukia kwenye kitanzi cha reli chini ya bustani na kupita polepole kwenye kituo cha zamani cha City Hall, chenye matao ya vigae, kilichofunguliwa 1904 na kufungwa mwisho wa 1945. Kona ya jukwaa lake ilikuwa kali mno: yalipokuja mabehewa yenye milango ya katikati, milango hiyo ilibaki mbali na ukingo na kuacha pengo la hatari. Weka uso karibu na kioo na uzibe mwanga wa ndani kwa mikono, maana utapita kwa sekunde chache tu.