Kiti cha Nyuma au Kiti cha Karibu na Mlango wa Dharura?

Jamaa zangu wa Mtwara, wanapoacha basi na kupanda ndege kwenda Dar es Salaam, huniuliza wakae wapi ili wawe salama zaidi.

Wanaopendelea viti vya nyuma wana hoja nzito. Mwaka 2012, ndege tupu aina ya Boeing 727 iliangushwa kwa makusudi katika jangwa la Mexico, ikabainika kwamba abiria wa mbele kabisa wasingepona, ilhali wengi wa nyuma wangetoka hai. Nasi hatujasahau Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ambapo sehemu ya mbele ya ndege ilizama katika Ziwa Victoria. Kati ya watu 43 walifariki 19, na walionusurika walitokea nyuma. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Moto, hata hivyo, haufuati kanuni hiyo. Huko Manchester, mwaka 1985, injini ya Boeing 737 ilipasuka ndege ikiwa bado ardhini. Moto ulipenya upande wa nyuma, wakafariki watu 55, wengi wao kwa moshi.

Kwa sababu hiyo mimi huchagua kiti cha kando ya ujia, safu chache kutoka mlango wa dharura, na kama mlango huo uko nyuma, hapo ndipo ninapoona pazuri zaidi. Mkanda haufunguliwi ovyo, na safu za viti hadi mlangoni huhesabiwa kabla ya ndege kuruka.