Demucs na nyimbo zetu tisa: uzoefu wangu baada ya miezi mitatu

Diski kuu iliyobeba kazi zote za bendi yetu ilikufa siku moja bila dalili yoyote. Humo mlikuwa na kila treki tuliyorekodi, gitaa peke yake, besi peke yake, dramu, waitikiaji, na sauti ya dada yetu mwimbaji. Kilichosalia ni nyimbo tisa zilizokwisha kumiksiwa, yaani treki zote zimeshachanganywa pamoja, kila wimbo faili moja ya sauti ya WAV, nazo zilipona kwa sababu tu mpiga besi alikuwa amezinakili kwenye kompyuta yake. Miksi ile niliifanya mimi, nikiwa bado mgeni wa kazi, na gitaa nililiweka juu mno. Katika wimbo wa tatu dada yetu anaimba ubeti wa pili kwa sauti ya chini, karibu kunong'ona, na gitaa linamfunika kabisa. Kwa miaka sita sikuweza kumsikilizisha mtu wimbo ule bila kumwambia kwanza, "Subiri, hapa maneno hayasikiki vizuri."

Miezi mitatu iliyopita nilianza kutumia Demucs, programu ya bure inayotenganisha wimbo uliokwisha kumiksiwa na kukurudishia stemu zake, yaani sauti za kuimba kwenye faili yake, dramu yake, besi yake. Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye rekodi za zamani ambaye ameshakata tamaa nazo, kwa sababu nilipoteza wiki mbili nikiitumia vibaya kabla sijaelewa inafaa kwa kazi gani.

Kwanza tuelewe kinachoombwa. Miksi ni jumla. Ukijumlisha 3 na 4 unapata 7, na mtu anayepewa hiyo 7 hana njia ya kujua kama ilitokana na 3 na 4 au 5 na 2. Kwa hiyo programu hizi haziifumui hesabu, zinakisia. Zimefundishwa kwa nyimbo ambazo stemu zake za kweli zipo, zikajifunza sauti ya binadamu inavyokaa, ngoma inavyopigwa na kufifia, besi inavyotembea. Mkusanyo unaotumiwa sana katika utafiti huu, MUSDB18, una nyimbo 150. Demucs ya toleo la nne, iliyotoka mwaka 2022 kutoka kwa watafiti wa Meta, kampuni ya Facebook, iliongezewa nyimbo nyingine 800 za mafunzo. Neno hilo "kukisia" lishike vizuri, kwa kuwa ndilo linaloeleza mazuri na mapungufu yote nitakayoyasema.

Kabla yake kulikuwa na Spleeter ya Deezer, kampuni ya kusikiliza muziki mtandaoni, iliyotolewa bure Novemba 2019, na ndiyo iliyotufumbua macho wengi kwamba jambo hili linawezekana kwenye kompyuta ya nyumbani. Yenyewe hufanya kazi kwenye picha ya masafa ya sauti, ikipaka kivuli juu ya kila kisichotakiwa. Demucs ya sasa huangalia picha hiyo na wimbi lenyewe kwa pamoja, na tofauti unaisikia hasa kwenye dramu: mpigo unabaki mkali, hauji umelainika.

Kuisakinisha kunahitaji kuandika amri kwa mkono. Asiyependa hilo atumie Ultimate Vocal Remover, nayo ni ya bure, ina madirisha na vitufe vya kawaida, na Demucs imo ndani yake pamoja na modeli nyingine kadhaa, yaani mashine nyingine zilizokwisha kufundishwa kazi hii. Kompyuta yangu haina kadi ya michoro ya maana, hivyo kazi yote ilibebwa na prosesa. Wimbo wa dakika nne ulichukua dakika sita hivi.

Wimbo wa kwanza kuupitisha ulikuwa ule wa tatu. Nikafungua folda, nikakuta faili nne: dramu, besi, kuimba, na ya nne ambayo ni "mengineyo", yaani chochote kisichoingia katika hizo tatu. Nikacheza ile ya kuimba. Dada yetu alikuwa pale peke yake, anavuta pumzi kabla ya ubeti wa pili. Pumzi ile sikuwahi kuisikia tena tangu siku ya kurekodi. Nilirudisha nyuma nikasikiliza mara tatu, kisha nikampigia simu usiku uleule, nikamchezea. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kaka, hiyo umeitoa wapi?"

Asubuhi nilisikiliza kwa masikio yaliyotulia. Kila toazi lilipopigwa kwa nguvu, sauti yake ilitetemeka kama ya mtu aliye ndani ya maji. Herufi "s" zilikuwa zimechujuka nusu. Mkia wa mwangwi ulikatika ghafla mwisho wa mistari, kwa kuwa sehemu yake ilikuwa imepelekwa kwenye "mengineyo". Waitikiaji nao walikuwa humo humo pamoja naye, maana kwa programu hii kila anayeimba ni "kuimba", haijui kiongozi ni nani. Na chini ya yote, kwa mbali, gitaa lilikuwa bado linasikika.

Kosa langu lilikuwa kuchukua stemu zile nne na kuanza miksi mpya kabisa kana kwamba ni treki zangu za asili zimefufuka. Nilifanya hivyo wiki mbili. Kila stemu niliipitisha kwenye ikwalaiza (ya kupandisha na kushusha sauti nzito na nyembamba), kompresa (ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo), mwangwi mpya. Matokeo yalikuwa safi lakini yamepauka, na sikuelewa kwa nini, mpaka nilipofanya jaribio moja dogo ambalo namshauri kila mtu alifanye. Nilizipindua stemu zote nne, mawimbi yake yakawa juu chini, nikazicheza pamoja na wimbo wa asili ili zifute kila zilichokibeba. Kama zingekuwa zimebeba kila kilichokuwamo, ningesikia kimya kitupu. Nilichosikia kilikuwa hafifu sana, ila kilikuwepo: mchakacho wa matoazi, hewa ya chumba, ncha za mwangwi. Vitu vile ambavyo peke yake havina maana ndivyo vilivyokuwa uhai wa rekodi yetu, nami nilikuwa nimevitupa.

Hapo ndipo nilipogeuza mbinu. Wimbo wa asili nikauweka kwenye treki ya kwanza, bila kuugusa. Treki ya pili nikaweka stemu ya kuimba, ikianza pale pale, nikaishusha kwa karibu desibeli 8 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Demucs hutoa faili zenye urefu uleule wa wimbo na zilizokaa sawia na wimbo wenyewe, hivyo sauti mbili zile zinajumlika bila kugongana, na hesabu yake ni kwamba mwimbaji anapanda kwa desibeli 3. Treki ya tatu nikaweka "mengineyo", ambamo gitaa limo, nikaipindua, nikaishusha kwa karibu desibeli 11. Sasa badala ya kuongeza inapunguza, na gitaa linashuka kwa desibeli 3. Mwimbaji juu tatu, gitaa chini tatu. Tofauti ya desibeli 6 kati yao ni kubwa kabisa kwa sikio. Mtetemo ule wa majini sikuusikia tena, kwa kuwa umefunikwa na wimbo wenyewe, na hakuna kilichopotea kwa kuwa wimbo wa asili bado upo chini ukitiririka mzima. Nilifanya hivyo kwenye ubeti wa pili tu, kwa kupandisha na kushusha taratibu. Maneno yote yanasikika.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa na mtu mwenye haraka, ningemwambia hivi: stemu ya kukisiwa itumie kusogeza miksi, usiisimamishe peke yake. Sogeza desibeli mbili, tatu, nne. Ukitaka akapela, yaani sauti ya kuimba tupu, ya kuweka juu ya biti mpya, utaipata, na katika biti nzito huenda isijulikane. Lakini kwenye wimbo wenye nafasi, msikilizaji makini ataisikia.

Mambo mawili yanaweza kukuharibia mbinu hiyo. La kwanza ni ikwalaiza kwenye stemu. Ikwalaiza ya kawaida husogeza fezi, yaani wakati wa mawimbi kupanda na kushuka, na stemu iliyosogezwa fezi haijumliki tena sawasawa na wimbo wa asili. Utasikia sauti inakuwa na tundu. Tumia ile isiyogusa fezi, au usiweke kabisa. La pili lilinisumbua siku nzima: stemu ikitoka na kilele kilichozidi kiwango, Demucs huishusha yenyewe ili isipasuke, na hapo uwiano wa stemu kwa stemu unavurugika bila wewe kuambiwa. Dawa yake ni kuushusha wimbo wa asili desibeli chache kabla ya kuuingiza.

Lipo toleo lililonolewa zaidi la modeli hiyo, linachukua muda mara nne. Nililijaribu kwa nyimbo zote na nikasikia tofauti katika mbili tu. Lipo pia la stemu sita, linalotoa gitaa na piano kila moja kwake. La majaribio, na watengenezaji wenyewe wameandika kwamba piano haitoki vizuri. Kwa gitaa safi lisilo na mkwaruzo lilinisaidia.

Panapohitaji subira ni kwenye ala ambazo modeli haikuzizoea. Katika wimbo wa tano tulipiga ngoma za mikono badala ya dramu za fimbo. Mdundo wa katikati ya ngozi ulipelekwa kwenye besi, kofi la ukingoni likaenda kwenye dramu, na mkwaruzo wa kiganja ukaingia "mengineyo". Ngoma moja imegawanywa mafungu matatu. Kodiani ilipopanda juu katika wimbo wa saba, vipande vyake viliingia kwenye faili ya kuimba, kwa kuwa inavuta noti na kutetema kama koo la mtu. Katika nyimbo hizo niliacha kuhangaika na stemu moja moja, nikawa natumia ile ya kuimba tu kwenye mistari ambayo kodiani imenyamaza.

Niliwahi pia kujaribu huduma moja ya kulipia ya mtandaoni, siitaji. Sauti ilikuwa nzuri. Lakini nilipokwisha kupakia wimbo wa kwanza ndipo nikasoma masharti, nikakuta nimewapa ruhusa ya kutumia rekodi hiyo "kuboresha huduma", bila kuelezwa mwisho wake. Sauti ile ni ya dada yangu, na hakuulizwa. Niliomba ifutwe, nikajibiwa baada ya wiki tatu. Ndiyo sababu kubwa iliyonirudisha kwenye Demucs: inafanya kazi kwenye mashine yangu, intaneti ikiwa imezimwa, na hakuna faili inayotoka nje ya chumba. Katika wakati ambapo kampuni kubwa za rekodi ziliwafikisha mahakamani Suno na Udio, huduma za kutunga nyimbo kwa akili bandia, Juni 2024, kwa madai ya kutumia nyimbo kufundishia mashine bila idhini, mwanamuziki mdogo naye ana haki ya kuuliza sauti yake inakwenda wapi.

Anayetumia programu kubwa za kurekodi huenda hahitaji kusakinisha chochote. FL Studio ilipata kitenganishi ndani yake mwaka 2023, Logic Pro mwaka 2024 kwa kompyuta za Apple zenye chipu mpya, na mwaka uliofuata ikaongezewa gitaa na piano. Mbinu niliyoieleza inafaa pia huko, mradi ufanye kwanza lile jaribio la kupindua. Na anayedhani haya ni mambo ya wanaocheza tu akumbuke wimbo wa mwisho wa The Beatles, uliotolewa Novemba 2023: sauti ya John Lennon ilikuwa kwenye kaseti ya nyumbani, imeshikana na piano, na jaribio la miaka ya 1990 la kuikamilisha lilikwama. Kilichoukwamua ni teknolojia ya namna hii.

Jambo la haki nalisema kwa ufupi. Kuweza kuchomoa sauti ya mtu hakukupi umiliki wake. Rekodi ina mwenyewe na utunzi una mwenyewe, na stemu uliyoikisia kwenye kompyuta yako bado ni ya hao hao. Sisi nyimbo ni zetu, na hata hivyo nilimtafuta mpiga kodiani, ambaye hatujaonana miaka mingi, nikamwomba ruhusa.

Mtafiti aliyeiongoza Demucs ameshaondoka Meta, na ameandika wazi kwamba mahali ilipokuwa ikihifadhiwa hapatunzwi tena. Bado inafanya kazi, ila pakua nakala yako na uihifadhi pamoja na modeli zake, kwa kuwa kompyuta mpya zinaweza kuikataa siku za mbele.

Nyimbo nane zimekamilika. Wa tisa tuliurekodi ukumbini kwa maikrofoni moja, watu wakipiga makofi na kuitikia. Programu inayaita makofi dramu, na bibi mmoja aliyepiga vigelegele karibu na maikrofoni inamwita mwimbaji. Nilijaribu usiku mbili, nikauacha ulivyo. Faili yake ya asili iko kwenye diski mbili tofauti. Hizo nane nimemtumia dada yetu juzi. Ameomba ule wa tatu utangulie.