Uzoefu wangu na ImageJ: namba ya kwanza usiiamini

Kwa miezi minane nimehesabu neuroni za mwendo (seli za neva zinazoendesha misuli) kwenye uti wa mgongo wa panya kwa ImageJ, programu ya kuchambua picha za hadubini, nami naipa nyota nne kati ya tano. Ni ya bure, inafanya kazi hata kwenye kompyuta yangu kuukuu, na programu-jalizi yake ya Cell Counter imeniokoa sana: ukibofya seli inabaki na alama, namba inapanda. Mtu akibisha hodi maabara, hesabu haipotei.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu programu inahesabu unachobofya tu, na kwenye vipande vyembamba vya tishu viini vya seli, ambavyo ndivyo ninavyohesabu, vinaonekana vingi kuliko vilivyopo. Ukikata mkate wa zabibu, zabibu iliyopitiwa na kisu inaonekana kwenye slesi mbili. Vipande vyangu vilikuwa na unene wa mikromita 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), viini vina kimo cha kama 15. Kila kiini kilikuwa kinaingia kwenye vipande viwili au vitatu!

Marekebisho unayafanya mwenyewe kwa kanuni ya Abercrombie ya mwaka 1946: hesabu yako izidishe kwa unene wa kipande, kisha gawanya kwa jumla ya unene na kimo cha kiini. Zangu 310 zikawa 124. Nilishtuka. Nikarudia kwa kuhesabu nukleoli, lile doa moja jeusi ndani ya kiini, lenye mikromita 3 tu: nikapata 160, na baada ya kurekebisha, 123. Hapo nikaiamini. Tangu siku hiyo nahesabu nukleoli, maana kitu kikiwa kidogo, kosa la kurekebisha nalo linapungua.

Unene wa kipande usiuchukue kwenye mikrotomu, ile mashine ya kukatia tishu, upime kwa hadubini. Kwenye kimo pia kuwa mwangalifu: kiini kilichokatwa pembeni huonekana kidogo, ukikiingiza kwenye wastani marekebisho hayatatosha.

Lililonigusa zaidi ni kulinganisha makundi. Panya waliopewa dawa walikuwa na hesabu ya chini, nikawa tayari kuandika kwamba dawa inaua neuroni. Kumbe viini vyao vilikuwa vimesinyaa, kwa hiyo vilikatwa mara chache. Nimerudia makundi yote mawili, kila moja na kimo chake.