Defender 110 ya turubai, injini ya 300Tdi: inavyokaa kazini Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania

Kwa anayefuata viazi Makete au anayeingia mashamba ya chai Mufindi kipindi chote cha mvua, Land Rover Defender 110 ya turubai bado ni gari la kazi. Kwa ambaye safari zake ni za lami tu, Mbeya mpaka Iringa na kurudi, ni adhabu ya kujitakia: kelele, vumbi, baridi ya Njombe ya mwezi wa saba, na mzigo usiofungika kwa ufunguo. Tathmini hii ni ya toleo lenye injini ya 300Tdi, ambalo fundi wa gereji ya kawaida analifungua na kulifunga bila kompyuta.

Injini yenyewe ni dizeli ya lita 2.5, silinda nne, nguvu farasi 111, na mvuto wa Nm 265 kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika. Ilianza kufungwa kwenye Defender mwaka 1994, na kwa soko la Uingereza ikaipisha injini ya Td5 mwaka 1998. Namba hizo ni ndogo kwa gari la leo, lakini turbo ndiyo inayoliokoa gari hili huku kwetu. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana zile 110 za zamani za dizeli isiyo na turbo zinapanda kwenda Kikondo kwa gia ya pili zikilia. Ulaji wa mafuta ni kilomita 9 mpaka 10 kwa lita ukienda 80 kwenye lami. Ukipita 90, turubai linapepea, linashika upepo, na ulaji unapanda.

Turubai ndilo watu wanalolipuuza wakati wa kununua, kisha likawatoa machozi baadaye. Yapo ya aina mbili. La pamba, lile zito la kijani au la kaki, linapumua. Abiria wa nyuma hawachemki na kioo cha mbele hakishiki ukungu sana asubuhi. La plastiki ya PVC, linaloshonwa na mafundi wa maturubai ya malori, halipitishi tone na linaoshwa kirahisi. Shida yake ni baridi. Kitulo na Njombe, Juni mpaka Agosti, PVC inakakamaa. Ukiikunja asubuhi kabla jua halijaipasha inapasuka kwenye mkunjo, na madirisha yake ya plastiki ndiyo yanayotangulia. Kwa Kyela na Usangu tungechukua PVC bila kufikiri mara mbili. Kwa milimani, pamba.

Turubai jipya la pamba litavuja siku ya kwanza, na hilo halina maana kwamba umeuziwa bovu. Matundu ya sindano bado yako wazi, na nyuzi za kitambaa zinahitaji kulowa na kukauka ili zivimbe na kuyaziba. Lifunge kwenye gari, limwagie maji mpaka liloe kabisa, liache likauke likiwa limevutwa, kisha rudia mara mbili tatu. Usilifue kwa sabuni ya unga. Sabuni inaondoa dawa ya kuzuia maji, na baada ya hapo kila mahali kichwa cha abiria kinapogusa wakati wa mvua panaanza kudondosha. Brashi laini na maji matupu yanatosha. Likiwa bichi usilikunje ukaliweka stoo. Ukungu mweusi ukishaota hautoki, na kitambaa kinaoza kimya kimya.

Kutoboka kwake kuna mahali pake: juu ya mabomba yanayolishikilia, pale linaposuguana na chuma gari likitikisika. Dawa ni rahisi mno. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ichane kwa urefu, ivike juu ya kila bomba, na uifunge kwa waya laini upande wa chini ambako turubai haligusi. Kisha mwambie fundi ashone kitambaa cha pili sehemu hizo hizo, mshono wa mistari miwili. Makambako na Tunduma, kwenye malori mengi, mafundi wa kushona hawakosekani. Peleka turubai la zamani liwe kipimo, hata kama limechanika, kwa sababu kulipima gari tupu kwa futi kunazaa turubai lenye mikunjo inayokusanya maji.

Halafu kamba. Za pamba na za katani hufupika zikilowa. Ukizikaza kwa nguvu zote jua likiwaka, mvua ya Tukuyu itazivuta mpaka ing'oe ringi za shaba. Ziache na ulegevu kidogo, au funga kamba za mpira.

Kwenye vumbi, hasa ile barabara ya Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha, karibu kila mtu anakosea kitu kile kile: anakunja pazia la nyuma apate hewa. Nyuma ya gari linalokimbia shinikizo la hewa ni dogo, kwa hiyo vumbi na moshi wa silensa vinanyonywa moja kwa moja ndani. Funga nyuma kabisa, kisha fungua vile vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele. Upepo unaoingia hapo unajaza gari kwa ndani, na vumbi linakosa pa kupenya. Raba za vifuniko hivyo zikichoka mvua itakudondokea miguuni, lakini ni raba za kubadilisha kwa nusu saa.

Yapo mambo mawili ya turubai yasiyo na dawa. Halizuii wizi, kwa hiyo sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye sakafu si anasa. Na yale mabomba yanayolishikilia hayakutengenezwa kubeba uzito wa gari likipinduka. Anayepakia watu kwenye mabenchi ya pembeni, yasiyo na mikanda, alikumbuke hilo kwenye kona za Kitonga.

Maji yataingia tu, zoea. Cha kushughulikia ni yanayobaki. Bodi ya gari hili ni aluminiamu, lakini ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, pamoja na chesisi, ni vyuma vya kawaida. Mahali metali hizi mbili zinapokutana pakikaa unyevu, aluminiamu inaliwa na kugeuka unga mweupe, na chuma kinashika kutu. Toa mazulia ya sakafuni kila baada ya mvua kubwa. Inua kiti cha kushoto uone betri: boksi lake likishika maji, linaoza kuanzia chini na vichwa vya nyaya vinaota ukoko wa kijani.

Wenzetu wa Uingereza wanalia na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu. Sisi chumvi hiyo hatuna, ila tuna mbolea. Mfuko mmoja wa CAN au DAP ukichanika nyuma, punje zikaingia kwenye maungio ya sakafu na mvua ikazikuta, unakuwa umepanda kutu kwa mikono yako. Tandika karatasi zito la plastiki kabla ya kupakia, na ukishashusha, fagia kwanza ndipo umwagie maji mengi. Tope nalo linajaa ndani ya chesisi, hasa boriti ya nyuma kabisa. Msimu wa mvua ukiisha ingiza mpira wa maji kwenye matundu yake, na usiuondoe mpaka yanayotoka yawe meupe.

Upande wa injini, kinachoiua 300Tdi ni joto. Kichwa cha silinda ni cha aluminiamu. Kikichemka mara moja sawasawa kinapinda, na gasketi inafuata. Huku milimani hesabu ni mbaya zaidi, maana maji yasiyo na shinikizo yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi hapo Mbeya, na 91 hivi Kitulo. Mfuniko wa tangi la akiba unaovujisha shinikizo unatosha kukuchemshia gari mlimani, na wengi huanza kwa kulaumu rejeta. Anza na mfuniko. Kisha kagua gasketi ya nyuma ya pampu ya maji, ile yenye umbo la herufi P, kwani ndipo uvujaji mwingi unapoanzia. Vile vizibo viwili vya plastiki, cha juu ya rejeta na cha nyumba ya themostati, vitoe uweke vya shaba kabla havijakuvunjikia njiani.

Ukishamwaga maji, hewa inabaki ndani usipofuata mpangilio. Injini ikiwa baridi, fungua vizibo vyote viwili. Jaza taratibu kupitia tangi la akiba mpaka maji yafike mdomo wa rejeta, funga kizibo hicho. Endelea mpaka yafike mdomo wa themostati, funga. Washa injini mpaka ipate moto, zima, iache ipoe kabisa, kisha ongeza. Tumia kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, hata kama unaishi pasipo na jalidi, kwa ajili ya kuzuia kutu ndani ya injini.

Taimingi belti badilisha kila kilomita 60,000. Injini za mwanzo zilikuwa na kasoro ya belti kutokaa sawa na kujila pembeni. Baadaye kiwanda kikatoa seti iliyorekebishwa. Kuijua kasoro hiyo ni rahisi: chini ya kava la belti kuna tundu dogo lenye kizibo cha kuvukia maji. Likifunguliwa likatoa unga mweusi wa raba, belti inajila. Likitoa oili, sili ya mbele imekwisha. Kizibo hicho, na mwenzake wa chini ya nyumba ya klachi, hufungwa wakati wa kuvuka mto tu; ukiviacha humo, oili inayovuja inakosa pa kutokea na inaishia kwenye belti au klachi.

Gia boksi ya R380 ina ugonjwa mmoja unaojulikana: meno yanayoiunganisha na transfa (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) hayapati oili ya kutosha na yanalika. Unaachia klachi, unasikia kishindo kidogo, ndipo gari linasogea. Ukisubiri sana utakuwa na gia zote na gari halitembei. Wakati wowote transfa inaposhushwa, weka gia ya kuingilia yenye matundu ya oili. Inalainisha meno hayo. Klachi nayo ikifunguliwa, badilisha uma wa kusukumia beringi kwa ule ulioimarishwa, kwa sababu wa kiwandani unatobolewa na kifundo chake.

Oili: injini lita 6.65 pamoja na filta. R380 lita 2.67 za ATF (oili nyepesi ya gia za otomatiki). Transfa lita 2.3 za EP90 (oili nzito ya gia). Wapo wanaotia EP90 kwenye gia boksi pia, halafu wanashangaa gia ya pili kugoma asubuhi ya baridi. Difu zikaguliwe kila baada ya kuvuka mto: difu yenye moto ikiingia maji ya baridi inavuta, na kama bomba lake la kupumulia limeziba na tope itavuta maji kupitia sili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imwagwe siku hiyo hiyo. Kros jointi zipigwe grisi kila wiki wakati wa mvua. Difuloki, inayofunga magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke pamoja, itumie walau mara moja kwa mwezi, kwenye udongo. Isipotumika fimbo zake zinaganda, na ukiitumia kwenye lami kavu unaikaza transfa bila sababu. Brek ya mkono inakamata propela shafti, haigusi magurudumu, kwa hiyo usiivute gari likiwa kwenye mwendo.

Ukienda kununua, omba gari liwe halijawashwa siku hiyo, na weka mkono kwenye bonneti kuhakikisha. Lala chini na nyundo ndogo, gonga boriti ya nyuma kuanzia kushoto mpaka kulia. Sauti ikifa mahali, pameoza. Zungusha usukani uone zile tufe za chuma nyuma ya magurudumu ya mbele: zikiwa na vishimo, sili mpya haitadumu. Inua pazia la nyuma unuse. Harufu ya mbolea ni sababu ya kung'oa mabati ya sakafu kabla hujataja bei.

Na kabla hujaondoka na gari hilo nunua spana ya 9/16 iwe mbili. Nati za propela shafti ni za inchi: namba 14 haiingii, na namba 15 inakula kona zote. Ongeza na spana ya boksi ya milimita 52 kwa nati za habu, maana Makete hutapata pa kuazima.