Express Entry ya Kanada: pointi zinahesabika, barua ya mwajiri ndiyo kazi

Express Entry ni mfumo wa Kanada wa kuomba ukaazi wa kudumu mtandaoni. Nimeutumia bila wakala, kwa njia ya Federal Skilled Worker, yaani ya wafanyakazi wenye ujuzi. Naupa alama nzuri kwa uwazi: kufungua wasifu ni bure, na kila pointi unaihesabu mwenyewe kabla hujatoa pesa. Lakini karatasi ikipungua, hauna msamaha.

Kuna hesabu mbili, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni pointi 67 kati ya 100, inayokuingiza kwenye foleni. Ya pili ni CRS, alama za kulinganisha waombaji, inayofika 1,200, na ndiyo inayokupanga ndani ya foleni: wenye pointi za juu ndio wanaoalikwa kutuma maombi.

Mtihani wa Kiingereza wa IELTS uwe General Training, kwani Academic haikubaliwi. Chukua mtu asiye na mwenzi, mwenye digrii moja na miaka 3 ya kazi nje ya Kanada. Akipata 7.0 kusoma, kuandika na kuzungumza, na 8.0 kusikiliza, amefika CLB 9 (kiwango cha 9 cha vipimo vya lugha vya Kanada) kote. Kusikiliza kukiwa 7.5, anapoteza pointi 8 za lugha yenyewe, 12 za digrii ikiunganishwa na lugha, na 25 za kazi ikiunganishwa na lugha. Nusu bendi imekula 45! Ndiyo maana naona heri kurudia mtihani kuliko kusubiri, kwa sababu kuanzia miaka 30 umri unakata 5 au 6 kila mwaka, na ukivuka 40 unaanza kukata 11.

Ukijua Kifaransa kwa kiwango cha 7 cha vipimo vya Kanada, kama wenzetu wengi wa Kongo na Burundi, fanya mtihani wa Kifaransa wa TEF au TCF Canada hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Kuna mialiko ya wazungumzaji wa Kifaransa peke yao. Machi 2025 mmoja ulishuka hadi pointi 379.

Sasa barua ya mwajiri, inayothibitisha kazi uliyofanya. Za kwetu huandikwa "alikuwa mwaminifu na mchapakazi, tunamtakia kila la heri". Hiyo haikusaidii. Inatakiwa karatasi yenye nembo, anwani na simu, jina na cheo cha anayetia saini, cheo chako, tarehe za kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, mshahara na marupurupu, halafu majukumu. Mwaka wa kazi unaohesabiwa ni saa 1,560 mfululizo ndani ya miaka 10 iliyopita, hivyo barua isiyotaja saa inaweza kukuangusha. Namba ya kazi ya NOC, orodha rasmi ya kazi ya Kanada, ichague kwa majukumu, usiangalie cheo: anayeitwa mhasibu lakini anaingiza vitabuni mapato na matumizi tu ni 12200, si 11100. Na usinakili maelezo ya NOC neno kwa neno, afisa anayajua. Kampuni ikiwa imefungwa, weka mkataba, hati za mshahara na za kodi, pamoja na maelezo yako.

Barua ya benki, ya kuthibitisha una pesa za kutosha, nayo ionyeshe tarehe ya kufungua akaunti, salio la sasa, wastani wa miezi 6 na madeni. Kiwanja hakihesabiwi, na pesa za kuazima haziruhusiwi. Katika kiasi kinachotakiwa familia inahesabiwa yote, hata wanaobaki nyumbani. Mtoto usiyemtaja leo unaweza kushindwa kabisa kumleta baadaye.

Ukialikwa una siku 60. Cheti cha polisi kinatakiwa kwa kila nchi uliyokaa miezi 6 au zaidi mfululizo ndani ya miaka 10, ukiwa na miaka 18 na kuendelea. Uliyefanya kazi Dubai au Maskati, kichukue kabla hujaondoka, maana kukifuatilia kwa alama za vidole ukiwa mbali kunakula wiki nyingi. Tangu 21 Agosti 2025 vipimo vya afya hufanywa kabla ya kutuma maombi, kwa daktari aliyeidhinishwa na Kanada tu. Majina yakitofautiana kati ya pasipoti na vyeti, andaa hati ya kiapo mapema. Ada iliyoanza 30 Aprili 2024 ilikuwa dola za Kanada 950 za maombi na 575 za haki ya ukaazi wa kudumu, mbali na 85 za alama za vidole. Hakikisha kiwango siku ya kulipa.

Na anayekuuzia barua ya ahadi ya ajira Kanada ili upate pointi, mkatae: pointi hizo zilifutwa 25 Machi 2025, na hati ya kughushi inakufungia mlango miaka 5.